Chupa ya Coca-Cola

Umbo hili lenye kiuno lilibuniwa mwaka 1915 na kiwanda cha vioo cha Root, Terre Haute, Marekani. Lilitakiwa litambulike hata kwa kupapaswa gizani. Tazama mifuo ubavuni: imeigwa kutoka tunda la kakao, ingawa soda hii haina kakao.

Mfamasia John Pemberton aliitengeneza soda hiyo Atlanta mwaka 1886. Glasi iliuzwa senti 5. Majani ya koka yaliitia kokeini kidogo, iliyoondolewa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1985 kampuni ilibadili ladha. Wanywaji waliwaka hasira, na kabla ya miezi mitatu kwisha ladha ya zamani ilirudishwa.

Chupa imehifadhiwa kwa kuwa umbo lake limedumu kupita mabadiliko hayo yote.