Miti ya Turkwel Ina Wenyewe

Kila mradi unaofika Turkana, kaskazini mwa Kenya, huja na kauli ileile: ardhi ya huku ni ya wazi, haina mwenyewe, na mfugaji huipita tu akifuata mvua. Kauli hiyo ilikuwa vinywani mwa maofisa wa kikoloni, ikarithiwa na wafadhili, na siku hizi inarudiwa na madalali wa viwanja wanaozunguka mji wa Lodwar. Si kweli. Anayetaka kuipima aende kando ya mto Turkwel wakati wa kiangazi, achukue upondo, aanze kupukutisha maganda ya mgunga, ule ambao Waturkana wanauita ewoi. Hatamaliza mti wa kwanza kabla hajaulizwa yeye ni mtoto wa nani na nani amemruhusu.

Asili ya Waturkana inajulikana, nami sitakawia hapo. Walitengana na Wajie wa Karamoja, Uganda, wakateremka kuelekea mashariki. Masimulizi ya pande zote mbili, ambayo mwanahistoria John Lamphear na wengine wameyakusanya, yanamtaja Nayece, mwanamke wa Kijie aliyeingia bonde la Tarach peke yake akiokota matunda ya mwituni. Vijana waliokuwa wakimtafuta fahali wa kijivu aliyepotea wakamkuta huko, wakaiona neema ya nchi ile, wakarudi kuwaeleza wenzao. Kilima chenye jina lake, Moru Anayece, kiko katika nchi hiyohiyo ya Tarach, na Tarach ndiyo laga, yaani mto wa msimu, inayopita mji wa Kakuma. Wengi husimulia habari hii kwa ajili ya fahali. Mimi naishikilia kwa ajili ya matunda. Taifa zima la wafugaji limeuweka mwanzo wake chini ya miti ya matunda kando ya mto, kisha waandishi wakatuambia kwamba watu hao wanajua ng'ombe tu.

Tuitazame nchi yenyewe. Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, na wastani wa joto lake unakaribia nyuzi 30, mwezi baada ya mwezi, bila nafuu kubwa. Dodoma, huko Tanzania, tunaiita nchi kame, na bado mvua yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa mvua yake peke yake Lodwar isingekuwa na msitu hata kidogo. Msitu upo kwa sababu Turkwel hauitegemei mvua ya Lodwar. Mto huo huanzia Mlima Elgon, ukiitwa Suam, hukusanya maji ya nyanda za juu za Pokot, kisha huteremka jangwani hadi Ziwa Turkana. Mti wa Lodwar hunywa mvua iliyonyesha kwa watu wengine. Tarach nayo huja kutoka milima ya mpakani mwa Uganda. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, lakini maji yamelala chini, na mizizi inayajua yalipo.

Kwenye kanda hiyo nyembamba ya kijani ndipo yalipo maisha. Upo eng'ol, ambao watu wa Pwani wanaujua kama mkoma. Tunda lake lina ganda gumu la kahawia lenye utamu, watoto hulitafuna siku nzima, na wakati wa njaa akina mama hulitwanga likawa chakula. Majani yake huezeka nyumba na kusukwa mikeka na vikapu. Upo esekon, unaotoa miswaki na matunda madogo. Juu ya yote upo ewoi, ambao maganda yake, ngitit, huanguka nyasi zinapokuwa zimekwisha kabisa. Mbuzi anayekula ngitit mwezi wa Januari ndiye atakayekuwa na maziwa mtoto anapolia. Maganda hayo hukusanywa, huwekwa akiba, na huuzwa kwa magunia.

Kitu chenye thamani hivyo hakiachwi bila sheria. Sheria yake inaitwa ekwar.

Ekwar ni kipande cha msitu wa mtoni kinachotumiwa na jamaa moja, kwa haki inayotambuliwa na majirani. Mipaka yake haina uzio wala jiwe la serikali; ni kona ya mto, mti fulani mkubwa, kijito fulani, na kila mtu wa eneo hilo anaijua. Haki hukaa kwa mkuu wa boma na hurithiwa na wanawe. Mvua ikinyesha na majani yakaota kila mahali, hakuna ugomvi: mifugo ya wote hupita. Kiangazi kikikaza, maganda na matunda ya ndani ya ekwar ni ya mwenyewe, na mgeni huomba. Kukata tawi bichi bila ruhusa ni kosa linalofikishwa mbele ya wazee chini ya mti. Katikati ya Turkana, ambako msitu wa Turkwel ni mnene, vipande ni vidogo na mipaka yake ni mikali. Kwingineko vipande hupanuka na masharti hulegea. Yaani sheria yenyewe imekatwa kwa kipimo cha mahali, jambo ambalo sijaliona katika sheria yoyote ya ardhi iliyotungwa Nairobi.

Nitafananisha na mahali pa mbali. Eneo la Rioja huko Hispania lilitambuliwa rasmi mwaka 1925 kuwa jina lenye mipaka: zabibu kutoka mahali hapa, za aina hizi, kwa masharti haya, ndizo zinazoweza kubeba jina hili, na chupa ya mvinyo hubandikwa karatasi ya baraza la usimamizi kama ushahidi. Ulaya nzima inaliheshimu jambo hilo kuwa ustaarabu. Ekwar ina mahali, ina mmea, ina masharti na ina baraza. Kilichokosekana ni karatasi.

Kwa kukosa karatasi, wasomi wenyewe waliipita. Philip Gulliver, aliyeishi na Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake maarufu kuhusu mifugo ya familia mwaka 1955, alisisitiza kwamba malisho ni ya wote. Kuhusu nyasi alikuwa sahihi, na kazi yake bado inastahili kusomwa. Lakini nyasi si mti. Nyasi huja na mvua na huondoka nayo. Mti hubaki palepale ukimsubiri babu, baba na mjukuu. Kanuni ya uwanda ilichukuliwa ikavikwa mto, na watawala wakaipenda kwa sababu iliwarahisishia kazi. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 1990 kwa Edmund Barrow, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi Turkana, kuieleza ekwar waziwazi katika jarida la kisayansi. Mwaka 2001 Jacob Stave, Gufu Oba na mwenzao waliirudia kando ya Turkwel, wakiyatazama mabadiliko yake. Wazee wa Lodwar hawakuwa wameificha.

Gharama ya kuchelewa huko inaonekana kwa macho. Miaka ya 1980 ilikuwa wakati wa misaada ya Norway, ambayo ilikoma ghafla mwaka 1990 Kenya ilipovunja uhusiano na nchi hiyo. Wanaozungumzia enzi hiyo hukimbilia kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa misaada hiyo huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, na jinsi Ghuba ya Ferguson ya ziwa hilo ilivyokauka. Kovu la miti limesahauliwa. Ndizo zama ambazo mathenge, mti wa Amerika, ulipandwa kwa nia ya kuzuia mchanga na kutoa kuni. Leo umeziba kingo za mito na njia za mifugo, na miiba yake huchoma kwato. Watu wa Baringo waliishtaki serikali mahakamani kwa sababu ya mti huohuo, wakampeleka mbuzi aliyeharibika meno kuwa ushahidi. Nchi iliyokuwa na ewoi, na watu waliokuwa wakiulinda bila mshahara, ililetewa mti wa kigeni kana kwamba ni uwanja mtupu.

Kisha bwawa. Ukuta wa Turkwel, wenye urefu wa mita 153, ulikamilika mwaka 1991 kwa ajili ya umeme. Mafuriko yaliyokuwa yakilowesha msitu wa chini yalishikwa juu, nao wenye ekwar wa Lodwar hawakuwa na hati ya kuonyesha kwamba maji yale yalikuwa yakinywesha mali yao.

Kakuma ndiko ugomvi ulikofika mlangoni. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa wakimbizi wa Sudan, wengi wao vijana waliotembea kutoka Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu kuanguka. Walikuja kuokoa roho zao. Sina neno baya juu yao. Walihitaji kuni za kupikia na fito za kujengea, na wenyeji maskini wakawauzia kuni na makaa. Kisheria ardhi ile ilikuwa ya amana, chini ya halmashauri ya wilaya, na hakuna kifungu kilichomlazimisha mtu yeyote kumwuliza mwenye ekwar. Palipotokea mapigano kati ya wenyeji na wakimbizi porini, magazeti yaliandika habari za chuki ya makabila. Mara nyingi mgogoro wenyewe ulikuwa mti: nani ameukata, na kwa idhini ya nani. Ekwar ingekuwa ndiyo lugha ya kusuluhishia, kwa kuwa imejengwa juu ya kuomba na kupewa. Haikupewa kiti mezani.

Yaliyofuata yameandikwa mno, na nitayapita. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, kaunti ikaanza kazi 2013, mwaka huohuo tukatangaziwa bahari ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi ambayo baadaye ilionekana kuwa na chumvi, na makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei yakafunguliwa 2016. Hata historia ya Lodwar kwa wageni huishia kwenye nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta kati ya 1959 na 1961. Nyumba ihifadhiwe. Lakini mji huu haukuanza kuwa na historia siku ulipoletewa mfungwa.

Jambo la mwisho ni jina. Wanawake wa Lodwar, Kakuma na Kalokol husuka vikapu vya eng'ol, duara juu ya duara, vingine vikiwa vimetiwa rangi ya kahawia iliyokolea. Niliwahi kushika kimoja katika duka la zawadi jijini Nairobi, muuzaji akaniambia kwa uhakika kwamba ni kazi ya Wamaasai. Kilikuwa na bei juu yake, jina la mahali hakikuwa nalo. Huo ni wizi, hata kama haukukusudiwa. Vikapu vya Taita vina alama yake ya pamoja ya biashara, na Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya inaruhusu kikundi chochote cha wasusi kufanya vivyo hivyo. Tanzania nayo hutoza ushuru wa chini mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimetoka nchini, kwa hiyo kutunza asili ya bidhaa si anasa ya Wazungu.

Rai yangu ni kwa watu watatu. Kwa wazee wa Turkwel na Tarach: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inairuhusu jamii iliyosajiliwa kutunga kanuni zake za matumizi ya ardhi. Iandikeni ekwar humo, kipande kwa kipande, kwa majina ya kona za mto kama mnavyozijua, kabla kingo hazijagawanywa viwanja. Kwa serikali ya kaunti: wapeni karani na ramani, na msisajili ardhi ya mtoni kana kwamba ni uwanda wa malisho. Na kwako msomaji unayenunua kikapu mjini: uliza kimesukwa wapi, na muuzaji akikosa jibu, mwambie ni cha Turkana.