Kukadiria Hatari ya Saratani ya Matiti na Njia za Kinga Unguja: Mtazamo wa Kihistoria

Historia ya tiba Zanzibar imeandikwa zaidi kupitia maradhi ya mlipuko. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu chake kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki mwaka 1876. Ndui na tauni nazo zilivuta macho ya watawala kwa kuwa zilitishia bandari. Saratani ya matiti, inayokua polepole na kwa siri, haikupata nafasi hiyo. Makala haya yanajenga hoja kwamba ukimya huo wa kumbukumbu unaathiri hata leo namna hatari ya mwanamke inavyokadiriwa.

Misingi ya ukadiriaji iliwekwa kwingine. Mwaka 1926, nchini Uingereza, Janet Lane-Claypon aliwalinganisha wanawake takribani 500 waliougua na wengine 500 hivi wasiougua, akabaini uhusiano wa ugonjwa na historia ya uzazi. Mwaka 1989, nchini Marekani, Mitchell Gail na wenzake waliunda kanuni inayozingatia umri, umri wa kuvunja ungo, umri wa uzazi wa kwanza, ndugu wa karibu waliougua, na mara ambazo mwanamke amechukuliwa kinyama cha titi kwa uchunguzi. Takwimu za kanuni hiyo ya awali zilitoka kwa wanawake Wazungu.

Tuitazame kanuni hiyo tukiwa Unguja. Mwanamke wa Makunduchi ambaye mama yake alifariki kwa donda la titi lisilopimwa hana jina la ugonjwa la kutaja. Asiyewahi kufikiwa na huduma ya maabara huhesabiwa sifuri. Hivyo basi, kukosekana kwa kumbukumbu husomwa kama kukosekana kwa hatari.

Ni kweli kwamba zipo desturi zenye kinga. Kunyonyesha kwa miaka miwili, kunakohimizwa na mafundisho ya Kiislamu, ni mfano wake. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3. Hata hivyo, kupunguza si kuondoa. Aliyenyonyesha watoto sita naye huweza kuugua.

Kwa upande wa tiba, hospitali kuu ya Mji Mkongwe, iliyoitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi ya 1964 na sasa Mnazi Mmoja, imekuwa kituo cha rufaa cha visiwa. Kwa tiba ya mionzi, wagonjwa wamelazimika kuvuka bahari hadi Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi huru tangu mwaka 1996. Nauli ya boti, malazi na msindikizaji ni sehemu ya historia ya ucheleweshaji.

Kuhusu kinga, utafiti wa Shanghai wa mwaka 2002 ulionesha kuwa kufundisha wanawake kujichunguza peke yake hakukupunguza vifo. Kinyume chake, utafiti wa Mumbai uliochapishwa mwaka 2021 ulibaini kuwa uchunguzi wa mikono uliofanywa na wahudumu wa afya waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili, ulipunguza vifo kwa karibu asilimia 30 miongoni mwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi.

Kwa kuhitimisha, Unguja inahitaji mkono uliofunzwa katika kituo cha afya cha shehia, rufaa isiyokwamishwa na nauli, na daftari litakalomwezesha binti kujua kilichomuua mama yake.