Moshi Ulipopoteza Kazi

Asubuhi ya Julai, ukipanda kutoka Kisii mjini kuelekea Keroka, maboma mengi ya kando ya barabara yamepangwa kwa mtindo mmoja. Mbele ipo nyumba kubwa ya matofali yenye mabati yanayong'aa. Nyuma yake, hatua kumi hivi, kipo kijumba cha udongo ambacho mabati yake yamekuwa rangi ya kahawa iliyoungua, na moshi unakitoka kila mahali: ukingoni mwa paa, kwenye matundu ya misumari, kwenye nyufa za ukuta. Mtungi wa gesi uko nyumba kubwa, kwa chai ya haraka na kupasha kiporo. Ugali wa watu wanane, maharagwe na maji ya kuoga vinatoka huku nyuma.

Wenyeji wengi wa Kisii na Nyamira watakwambia kwamba jiko la nje ni desturi ya mababu. Sivyo. Jiko la nje ni mtoto wa bati, na umri wake haupiti sana miaka mia moja. Mababu walipika ndani, walilala ndani ya moshi huohuo, na walikuwa na sababu zao.

Nyumba ya zamani ya Abagusii, enyomba, ilikuwa ya duara, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi lililochongoka juu. Kila mke alikuwa na yake, na moto wake. Ndani iligawanywa pande mbili. Upande wa mama ndio uliokuwa na jiko: mawe matatu, ambayo Mswahili wa pwani huyaita mafiga na Mgusii huyaita amaiga. Anayesikia maneno hayo mawili kwa pamoja hahitaji mtaalamu wa lugha kumweleza kwamba yametoka tumbo moja. Upande wa pili, eero, ndiko mume alikopokea wageni, na ndiko wazee walikokizunguka chungu cha amarwa, pombe ya nafaka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Amarwa hunywewa moto, kwa hiyo maji yalichemka saa zote na kuongezwa chunguni. Karamu isingewezekana kama jiko lingekuwa mbali.

Nyumba hiyo haikuwa na bomba la moshi wala haikulihitaji. Moshi ulipanda, ukatanda chini ya nyasi, kisha ukapenya taratibu kama maji yanavyopita kwenye chujio. Njiani ulifanya kazi. Uliwafukuza mchwa na wadudu waliokula nyasi na fito. Ulikausha wimbi na mahindi yaliyowekwa darini, na fukusi hawakukaa. Ulikausha hata kuni zenyewe, jambo lisilo dogo katika vilima vinavyopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Paa lililofukizwa kila siku lilidumu. Nyumba iliyohamwa, moto ukazimika, iliporomoka mapema.

Lakini macho yaliwasha, na watoto walikohoa. Nyasi nazo ni nyasi. Usalama wa nyumba ile ulitegemea mambo machache yaliyofanywa bila kuandikwa popote: paa kuwa juu sana kuliko moto, kuni kutotoa ndimi ndefu, na makaa kufukiwa jivuni usiku ili asubuhi mama apulize tu, asianze upya. Aliyezimikiwa alikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto.

Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani walioishi Gusii kati ya 1955 na 1957 na kuandika kitabu kiitwacho Nyansongo, waliona moto ukiwa na uzito mwingine kabisa. Wavulana waliotahiriwa walitengwa katika kijumba chao, na moto uliowashwa humo haukuruhusiwa kuzimika hadi siku ya kutoka. Mfikirie kijana wa miaka kumi hivi, kidonda kibichi, akipokezana zamu na wenzake kulinda makaa usiku kucha, juu yake paa la nyasi kavu. Hilo lilikuwa somo la moto kabla ya kuwa somo lingine lolote.

Kisha ukaja moto wa aina nyingine. Waingereza walipigana na Abagusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya kijana Otenyo Nyamaterere kumchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Watu wa Kitutu, kwao Otenyo, hawakuwa na bahati hiyo: askari waliua, wakateka ng'ombe, wakateketeza nyumba. Nyumba za nyasi zilirudi kujengwa upesi, kwa kuwa nyasi na fito havikununuliwa. Mabadiliko yaliyodumu yaliletwa na watu waliokuja na misumari.

Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Nyanchwa mwaka uliofuata. Nyumba ya misheni ilikuwa na pembe nne, matofali, madirisha na paa la bati. Aliyesoma alitaka kukaa kama walimu wake, na pesa zilipopatikana alijaribu: kahawa iliruhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, pareto ikafuata milimani, kisha chai. Malipo ya mazao hayo yaligeuka mabati, bati kwa bati. Katika vilima hivi vyenye mvua ya mawe, paa lisilovuja lilikuwa raha ya kweli na pia lilikuwa tangazo. Lilionekana kutoka ng'ambo ya bonde.

Bati halipumui. Mama aliyeingiza mafiga yake matatu chini ya paa jipya aligundua jambo hilo siku ya kwanza. Moshi uligonga juu ukarudi chini. Alfajiri, bati lilipopoa, unyevu ulichanganyika na masizi ukadondoka matone meusi juu ya vitanda, viti na vitambaa vya kufuma. Misumari iliota kutu. Familia ikaamua, na uamuzi huo ulirudiwa boma baada ya boma bila mkutano wowote: nyumba mpya ibaki safi, na mama aende nyuma na moto wake. Mara nyingi kijumba cha jikoni kilikuwa ile enyomba ya zamani iliyopunguziwa cheo. Ilipoanguka, kilijengwa kingine kidogo zaidi, na mabati yaliyobaki au yaliyochakaa ndiyo yaliyokiezeka.

Hesabu ya nani alipata na nani alipoteza haijawahi kupigwa vizuri. Sebule ilipata weupe. Nafaka ilipoteza dari yenye moshi ikahamia kwenye magunia, na dumuzi, mdudu mla mahindi, alipoingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983, gunia lililokuwa chumbani halikuwa na mlinzi ila unga wa dawa wa dukani. Mama, naye, alibaki na moshi wote katika chumba kilichokuwa kidogo kuliko cha nyanya yake, chini ya paa lililo karibu na kichwa chake na lisilopitisha kitu. Hapo ndipo moshi ulipopoteza kazi. Haukulinda tena paa wala wimbi. Ulikaa tu machoni.

Kuni nazo zilibadilika. Ardhi iligawanywa baba kwa mwana hadi vipande vikawa vidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kilomita ya mraba. Katika msongamano huo mti uliobaki na faida ni mkalitusi. Unakua haraka, unauzwa nguzo na mbao, na viwanda vya chai hulisha matanuru yake kwa kuni. Mkalitusi hunywa maji mengi, na mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, John Michuki, aliagiza ung'olewe kandokando ya vyanzo vya maji. Jikoni una kasoro nyingine: ukichomwa mbichi hutoa moshi mzito wenye lami, na lami hiyo ndiyo adui wa kila bomba.

Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na tangu hapo majiko bora yakawa shughuli ya mashirika. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walilifanya jiko la makaa lenye kiuno na kauri ndani kuwa bidhaa ya kila mtaa. Kwa watu wa kuni, Maendeleo ya Wanawake na shirika la Kijerumani GTZ walisambaza kauri iliyokandikiwa udongo jikoni. Katika magharibi ya Kenya ikajulikana kwa jina la Upesi, na vikundi vya akina mama wafinyanzi, kama Keyo wa Kisumu, viliiuza. Ilipunguza kuni na kumweka mtoto mbali na ndimi za moto. Bomba haikuwa nalo. Wabunifu walitaka bei iwe ndogo, na bomba ndilo ghali.

Uamuzi huo unaeleweka, ila uliacha nusu ya tatizo pale lilipokuwa. Shirika la ITDG lililirudia kati ya 1998 na 2001, Kajiado na magharibi ya Kenya, kwa kuuliza habari ya nyumba badala ya jiko: vipi tukitoboa dirisha, tukiacha uwazi kati ya ukuta na paa, tukining'iniza kofia kubwa ya bati juu ya moto? Kofia hizo zilipunguza moshi kwa kiasi kikubwa. Kilichokuwa kipya hapo ni kidogo. Enyomba ilijua tangu kale kwamba jiko na paa ni chombo kimoja.

Leo anayetaka bomba Nyamira humwita fundi wa mabati, na kazi yenyewe hustahili kutazamwa. Fundi mzuri hashiki mkasi kwanza. Huingia ndani akaangalia juu, atafute mapau yako wapi, kwa sababu bomba lazima lipite kati ya mbao mbili na si kando ya moja. Kanuni za Marekani hutaka bomba la bati la ngozi moja likae sentimita 46 kutoka kitu chochote kinachoungua. Katika kijumba cha mita tatu kipimo hicho huonekana anasa, hadi ukumbuke kwamba ubao unaopashwa kila siku hukauka mwaka hadi mwaka mpaka unawaka kwa joto ambalo mwanzo usingelijali. Ikiwa nafasi haipo, mbao hukatwa na kupitishwa upya, kisha kipande cha bati huwekwa kati yake na bomba, hewa ikipita nyuma yake.

Tundu la paa hukatwa kubwa kuliko bomba, na uwazi hufunikwa kwa kola ya bati iliyoingizwa chini ya bati la juu na kulazwa juu ya bati la chini, ili mvua iteleze. Anayeziba kwa lami au plastiki ataona ikiyeyuka wiki ya kwanza. Nje, bomba hupandishwa karibu sentimita 90 kupita pale lilipotokea. Likiishia chini, upepo wa bondeni huurudisha moshi ndani na lawama humwangukia fundi. Juu kabisa huvikwa kofia. Kwenye paa la nyasi, mafundi wenye busara hukataa kazi, au hulipitisha bomba ukutani na kulisimamisha nje, mbali na nyasi.

Halafu masizi. Bomba la kuni mbichi huziba kwa miezi michache, na lami iliyoganda ndani ikishika moto hunguruma kama lori mlimani. Majiko mengi ya bomba yaliyoachwa na miradi hayakufa kwa kuvunjika. Yalikufa kwa kukosa mtu wa kupanda na gunzi la mahindi kwenye kamba kulisugua.

Inashangaza kidogo kwamba haya yote yanatokea jirani na Tabaka. Jiwe laini la Tabaka, linalochongwa viboko, bakuli na mbao za sataranji za kuuzwa Nairobi na ng'ambo, linafanana kwa ulaini na jiwe ambalo Wafini wa Juuka hulijengea majiko makubwa ya kuni, kwa kuwa hunywa joto la saa mbili na kulitoa usiku mzima. Baridi ya Borabu, Nyamira, si ya Finland, lakini inatosha kuwafanya watu wafanye jambo baya kuliko moshi wote: kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hayatoi moshi, ndiyo maana huaminiwa, na gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu. Magazeti ya Kenya huripoti vifo hivyo karibu kila msimu wa baridi. Katika enyomba ya nyasi gesi hiyo ilipata pa kutokea. Katika chumba cha matofali chenye dari iliyopigwa misumari vizuri, haipati.

Gesi ya mtungi iliwekewa kodi ya asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8, kisha ikaondolewa mwaka 2023, na kila mara wanawake wa Kisii walihamisha sufuria kati ya nyumba ya mbele na ya nyuma kufuata bei. Ya nyuma haikubomolewa. Matanga yakitokea, hakuna meko ya gesi yanayobeba sufuria ya watu mia.

Na ukiingia katika baadhi ya vijumba hivyo, hata vile vyenye bomba jipya na kofia juu, utaona waya umefungwa kati ya mapau mawili, upande ule ambao kola haikuziba vizuri. Hapo yamening'inizwa mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, punje zimekuwa nyeusi kwa masizi. Fundi alitaka kuuziba ule uwazi. Mama akamwambia auache. Ndiyo mbegu ya msimu ujao.