Mwalimu Mmoja, Mikono Mitatu

Kijana anayeondoka Pweto kwenda Lubumbashi kutafuta kazi hubeba vyeti vyake vya shule, na pamoja navyo tumaini la kumpata huko mtu wa kumshika mkono. Vyeti viko mfukoni mwake; mtu huyo bado hajulikani. Nasi tunaokaa hapa, mto Luvua unapotoka katika Ziwa Moero, twajua tangu utoto kwamba hakuna aliyejifunza uvuvi peke yake. Kila mmoja alikaa kwanza mtumbwini mwa mwingine, akitazama. Twajua pia kwamba wako mafundi wanaofundisha nusu ya kazi na kuificha nusu, ili mwanafunzi abaki msaidizi siku zote. Basi, mlezi mwema wa kazi hutambulikanaje? Historia ya Katanga yenyewe ina kisa kinachofaa kutafakariwa.

Mwaka 1946 Lubumbashi ilikuwa bado ikiitwa Elisabethville. Ulikuwa mji wa shaba, na mwajiri wake mkubwa alikuwa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Maelfu ya wazee wetu walifanya kazi humo. Walifundishwa, tena wengi walifundishwa vizuri, lakini mafunzo yalikuwa na dari: nafasi za uhandisi na uongozi zilikuwa za Wazungu. Mfanyakazi alijua namna ya kufanya. Sababu na mpango wa kazi vilibaki ofisini.

Katika mji huohuo, mwaka huo, Mfaransa mmoja aitwaye Pierre Romain-Desfossés, aliyezaliwa mwaka 1887 na kuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Miongoni mwa waliochora humo alikuwamo Bela, mzaliwa wa Chad, aliyekuwa mtumishi wake. Walikuwamo pia Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, na Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925.

Mwalimu huyu aliwapa rangi, mahali pa kuchorea na muda. Hakuwawekea mbele picha za Ulaya wazinakili. Aliamini kwamba kila mmoja anao mkono wake, na kwamba kazi ya mlezi ni kuulinda mkono huo mpaka ukomae. Tazameni kilichotokea. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake. Mwenze alipanga mistari mifupi inayoelekea pande mbalimbali, hata picha ikaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Pilipili alichora samaki, ndege na nyoka, na nyuma yao akaijaza picha kwa majani na vidoto vidogo kwa subira kubwa. Anayeziona picha za watu hawa watatu hawezi kuzichanganya. Mwalimu alikuwa mmoja, lakini hakuna aliyegeuzwa kuwa kivuli chake.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Zilikuwa siku za ukoloni, naye alijiweka mahali pa baba, na wachoraji wakawa kama watoto wake. Pilipili, mwaka karakana ilipofunguliwa, alikuwa mtu mzima wa miaka 32. Mkono wake uliheshimiwa alipokuwa akichora. Je, utu wake uliheshimiwa kwa kipimo kilekile? Kasoro hii haikwisha pamoja na ukoloni. Hata leo wako wakubwa wa kazi wanaosema, “Huyu ni mtoto wangu,” kisha wakamtuma sokoni na nyumbani kwao, na mshahara wake ukawa jambo la hisani.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Hapo ndipo ulezi wake ulipopimwa. Karakana haikuendelea kama ilivyokuwa, lakini wachoraji hawakupotea. Pilipili na Mwenze walifika katika chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekianzisha mjini mwaka 1951, nao wakawa waalimu. Pilipili aliishi hadi mwaka 2007, miaka 53 baada ya kifo cha aliyemlea. Linganisheni na ile dari tuliyoitaja. Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30, ingawa watu wake walikuwa wamechimba na kuyeyusha shaba kwa miaka mingi. Ufundi ulikuwapo, walionyimwa ni watu wa kuuongoza.

Kutokana na hayo twajifunza jambo moja: mlezi mwema hupimwa kwa yale ambayo mwanafunzi aweza kuyafanya siku mlezi hayupo. Basi anayelea aeleze sababu pamoja na namna. Ampe kijana kazi nzima, hata iwe ndogo, aianze na kuimaliza. Avumilie makosa yasiyoleta hasara kubwa. Na kazi ikisifiwa, amtaje aliyeifanya. Naye anayelelewa asingoje kuhurumiwa. Apeleke kazi aliyokwisha kuijaribu, aulize swali lililo wazi, na akikosolewa arudi tena akiwa amerekebisha.

Wapatane mapema: atafundishwa nini, kwa muda gani, na atalipwa nini. Wakutane mahali peupe. Msichana anayeambiwa kwamba kufundishwa kuna malipo ya siri hajapata mlezi. Amepata mwindaji, na jamii nzima ina wajibu wa kusimama upande wake. Tena mwanafunzi awe huru kuondoka bila laana. Mtumbwi wa pili ukiingia ziwani, wa kwanza haujazama.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

Ni nani aliyetufundisha kazi kwa ukamilifu, nasi tulimshukuru kwa namna gani?

Katika parokia yetu, ni mafundi gani wanaozeeka bila kumwachia mtu ujuzi wao, na ni nani kati yetu atakayekwenda kwao juma hili?

Sisi wenyewe, tukimfundisha mdogo wetu, ni sehemu gani ya kazi tunayoificha, na twaogopa nini?