Somo la Redio: Historia ya Gitaa la Chuma na Biashara Yake

Tafadhali mwalimu aandike ubaoni maneno haya manne: gitaa, sumaku, rehani, stakabadhi. Mtayasikia katika somo letu la leo.

Leo tutasoma historia ya chombo cha muziki kiitwacho gitaa la chuma, na jinsi watu walivyokinunua, walivyokiuza na walivyokibadilisha kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja. Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, habari hii yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu, maana ndani yake mna jambo linalompata kila mwenye mali. Kitu kimoja, bila kubadilika hata kidogo, huweza kuwa ghali leo, kesho kisitakiwe na mtu, na keshokutwa kikawa ghali tena. Ajuaye sababu hupata faida. Asiyejua hupata hasara.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Gitaa la kawaida hushikwa kifuani, na mpigaji hubana nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Gitaa la chuma hulazwa mapajani, uso wake ukitazama juu. Nyuzi zake zimeinuliwa juu ya shingo. Mpigaji hazibani kwa vidole, bali huzitelezesha juu yake kipande cha chuma, na kwa mkono wa kulia huzidonoa. Ndiyo maana huitwa gitaa la chuma, ingawa mwili wake waweza kuwa wa mbao. Sauti yake hupanda na kushuka pasipo kukatika, kama sauti ya mtu aimbaye.

Chombo hiki kilianzia katika Visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Magitaa ya kawaida yalifika huko kwa mikono ya wageni. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, George Vancouver, alimpa Mfalme Kamehameha ng'ombe. Ng'ombe hao walizaana, wakawa wakali, wakaharibu mashamba. Basi katika miaka ya 1830 waliletwa wachungaji hodari wa Kimeksiko wawafundishe wenyeji namna ya kuwakamata. Wachungaji hao ni miongoni mwa wageni walioleta magitaa.

Mwaka 1874, katika kijiji cha Laie, kisiwa cha Oahu, alizaliwa mtoto jina lake Joseph Kekuku. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya wavulana ya Kamehameha, karibu mwaka 1889, alianza kupiga gitaa kwa namna mpya. Inasimuliwa kwamba alijaribu kwanza kitana, kisha kisu, na mwisho akajitengenezea kipande cha chuma katika karakana ya shule. Wenzake wakamwiga, na namna hiyo ikaenea visiwani.

Wakati huo nchi yao ilikuwa ikipatwa na mambo mazito. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani aliondolewa katika kiti chake cha enzi, na mwaka 1898 Marekani ikavitwaa visiwa vyote. Mwaka 1904 Kekuku alikwenda Marekani bara, akapiga na kufundisha gitaa mji hata mji. Baadaye alifika Ulaya pia. Alifariki huko New Jersey mwaka 1932.

Mwaka 1915 yalifanyika maonyesho makubwa katika mji wa San Francisco. Watu wengi walifika katika banda la Hawaii na kusikiliza gitaa la chuma, nao wakalipenda mno. Santuri za muziki wa Hawaii zikauzwa kwa wingi, na waliozisikiliza wakataka kujifunza kupiga. Hapo ndipo biashara ilipoanza.

Huko Los Angeles fundi Hermann Weissenborn, mzaliwa wa Ujerumani, alitengeneza magitaa ya mapajani yenye shingo ya uwazi ndani, ili sauti izidi. Mengi yalikuwa ya mti uitwao koa, ambao asili yake ni Hawaii. Mwaka 1927 John Dopyera alitia koni za aluminiamu ndani ya gitaa la chuma tupu, nalo likaitwa National. Mwaka 1932 likaanza kuuzwa gitaa la umeme, alilolibuni George Beauchamp pamoja na Adolph Rickenbacker. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, wa mviringo wenye mkono mrefu, hata watu wakaliita Kikaango. Juu ya nyuzi zake ilikaa sumaku kubwa yenye umbo la kiatu cha farasi, iliyonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka katika mashine ya kukuza sauti. Angalieni jambo hili: gitaa la umeme la kwanza kupata soko zuri duniani lilikuwa gitaa la mapajani.

Viwanda vingine vikafuata. Mwaka 1936 kiwanda cha Gibson kilikuwa kikiuza gitaa lililoitwa EH-150, na tarakimu hizo ndizo zilizokuwa bei yake: dola 150, pamoja na mashine yake ya kukuza sauti. Katika mji wa Cleveland kampuni iliyoitwa Oahu iliuza vitabu, masomo na magitaa kwa wanaoanza kujifunza. Mwanafunzi alianza na gitaa rahisi, na alipoendelea alishauriwa kununua lililo bora zaidi. Hivyo jina la kisiwa alikozaliwa Kekuku lilipigwa chapa juu ya magitaa yaliyotengenezwa bara, na faida ikabaki bara.

Katika miaka ya 1940 Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio huko California, alianza kutengeneza magitaa ya chuma. Wapigaji walikuwa na shida moja. Kipande cha chuma hakiwezi kupinda, kwa hiyo kila namna ya kukaza nyuzi hutoa sauti za namna fulani tu. Dawa yake ilikuwa kuunganisha shingo mbili, tatu au hata nne katika chombo kimoja kilichosimama juu ya miguu kama meza. Gitaa la Fender la namna hiyo, Stringmaster, lilitoka mwaka 1953.

Lakini mwaka huo huo wa 1953 mpigaji Bud Isaacs alitumia pedeli, yaani kikanyagio cha mguu, kubadilisha mkazo wa nyuzi wakati zikilia. Alifanya hivyo katika wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, nao ulipendwa sana mwaka 1954. Wapigaji wengi wakataka pedeli mara moja. Walipeleka magitaa yao ya zamani madukani, wakaongeza fedha, wakachukua mapya. Vijana nao walikuwa wakigeukia muziki wa rock, wakitaka gitaa la kushikwa kifuani. Basi magitaa ya mapajani yakajaa chini ya vitanda, katika maghala na katika maduka ya rehani. Wazee wetu wanasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Palitokea hasara nyingine isiyorekebishika. Watu waliyanunua magitaa hayo kwa bei ndogo, wakang'oa sumaku zake ili wazitie katika magitaa ya kawaida. Mwili uliobaki ulitupwa.

Kisha bei ikapanda tena. Wapigaji mashuhuri kama David Lindley walipiga magitaa ya Weissenborn mbele ya watu, na wasikilizaji wakayatafuta. Gitaa la Weissenborn lililo zima sasa huuzwa kwa maelfu ya dola. Hata hivyo, si yote yaliyopanda hivyo. Yale yaliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wanafunzi bado ni rahisi. Na gitaa la mapajani la Fender la miaka ya 1950 huuzwa kwa bei ndogo kuliko gitaa la kifuani la kiwanda hicho hicho la miaka hiyo hiyo, kwa sababu wanaolitaka ni wachache. Uzee peke yake hauleti bei. Bei huletwa na uhaba, uzuri wa sauti, ukamilifu wa kitu, na wingi wa wanaokitaka.

Je, mnunuzi mwenye akili hutazama nini? Katika gitaa la kawaida, shingo iliyopinda ni hasara kubwa. Katika gitaa la mapajani shingo ni nene, na nyuzi hazibanwi juu yake, kwa hiyo mengi yamedumu vizuri. Mnunuzi hutazama sumaku kama ni ile ya kiwandani na kama yafanya kazi. Huzungusha vikazio vya nyuzi kimoja kimoja. Hutazama kama rangi ni ya asili, maana gitaa lililopakwa rangi upya hushuka bei. Baadhi ya magitaa ya Rickenbacker yaliyotoka tangu mwaka 1935 yalifanywa kwa bakelaiti, kitu kigumu kinachoweza kupasuka, na joto huyaharibia mkazo wa nyuzi. Hayo hayafai kuachwa juani. Tena yale ya kabla ya vita yana sumaku pana zaidi, ya inchi moja na nusu. Za baada ya vita ni za inchi moja na robo. Kwa sababu hiyo mnunuzi huja na rula mfukoni.

Pia husoma. Husoma kibandiko kilicho ndani ya tundu la gitaa, namba iliyopigwa chapa, na karatasi zilizosahauliwa katika sanduku lake. Muuzaji asiyesoma vitu hivyo huuza dhahabu kwa bei ya shaba. Na wote wawili wanapopatana huandika stakabadhi: jina la kitu, namba yake, hali yake, bei na tarehe. Fanyeni vivyo hivyo mnaponunua baiskeli au cherehani iliyotumika.

Tumalize kwa habari ya Jerry Byrd. Alizaliwa mwaka 1920 huko Lima, katika jimbo la Ohio, mbali sana na Hawaii. Pedeli zilipokuja, wenzake wengi wakahama, lakini yeye alibaki na gitaa lisilo na pedeli. Mwaka 1972 alihamia Honolulu. Siku hizo vijana wachache tu wa visiwani walijifunza gitaa la chuma, na wazee waliolijua walikuwa wakipungua. Byrd akawafundisha wenyeji chombo kilichozaliwa kwao, na baadhi ya wanafunzi wake, kama Alan Akaka, wakawa walimu wa wengine. Byrd alifariki mwaka 2005.

Chombo huweza kununuliwa tena ikiwa fedha ipo. Ujuzi wa kukipiga haupatikani dukani wala katika duka la rehani. Ukimfia mzee wa mwisho aliye nao, hakuna bei itakayourudisha. Kwa hiyo mtu anapouza kitu cha wazee wake, na ajue kwanza anauza nini, na ajifunze kazi yake kabla hajakitoa mkononi.

Maswali ya darasa:

1. Joseph Kekuku alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini magitaa mengine yalitiwa shingo mbili au tatu?
3. Bei ya magitaa ya mapajani ilishuka kwa sababu gani?
4. Kila mmoja aandike stakabadhi ya kitu kilichotumika anachotaka kuuza, akitaja hali yake kwa ukweli.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.