Siku Nyanya na Babu Walipoenda Kenya

Kaskazini mwa nchi hii kuna sentensi ambayo mtu wa Nairobi akiisikia mara ya kwanza anadhani masikio yamemdanganya: "Kesho naenda Kenya." Anayeisema amezaliwa Kenya. Kitambulisho chake ni cha Kenya, kura anapigia Kenya. Lakini akipanda gari la kuteremka Nanyuki, Thika mpaka Nairobi, anasema anaenda Kenya, na akirudi majirani watamuuliza, "Kenya kukoje?" Utaisikia Marsabit, Moyale, Wajir na Garissa. Mimi niliisikia Kipsing, kwa nyanya yangu, na yeye hakuwa anatania.

Kipsing ni kituo kidogo katika Kaunti ya Isiolo, upande wa Oldonyiro, kwenye ardhi ya malisho ya Wasamburu na Waturkana. Kuna mto wa msimu wenye jina hilohilo. Sehemu kubwa ya mwaka mto wenyewe ni mchanga mtupu, na watu wanachimba visima ndani ya huo mchanga wapate maji yao na ya mifugo. Si mahali pa mwisho wa dunia. Kutoka Isiolo mjini hadi Nairobi ni chini ya kilomita 300. Nairobi hadi Kisumu ni mbali zaidi, na bado sijamwona mtu akipanda basi la Kisumu huku akiaga kama anayevuka mpaka.

Nyanya na babu walioana mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu, kijana aliyekuwa na maneno mengi kuliko mbuzi, alimwahidi kwamba siku moja atampeleka Kenya. Safari yenyewe ilifanyika mwaka 1992. Hesabu mwenyewe: karibu miaka thelathini ya kungoja safari ambayo leo matatu inaimaliza kwa saa tano hivi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili na kuanza kuandika makala za kulipwa moja moja, hii ndiyo stori niliyotaka kuielewa kabla ya nyingine zote. Jibu la haraka ni pesa, na si jibu la uongo. Lakini babu aliuza mbuzi kila mwaka. Nauli ingepatikana. Kilichowaweka Kipsing ni kitu kingine, na kitu hicho kina tarehe.

Anzia 1902. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoiruhusu kutangaza eneo zima kuwa limefungwa. Ukitaka kuingia au kutoka, unahitaji kibali. Kaskazini ikafungwa namna hiyo. Waingereza hawakuwa na haja kubwa na ardhi kame yenyewe. Walitaka iwe ukuta kati ya Wahabeshi na Waitaliano upande mmoja, na reli pamoja na mashamba ya walowezi upande wa pili. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine, ya wilaya maalum, ambayo iliwapa maofisa nguvu ya kuamua jamii gani ikae wapi, nani ahame, nani ashikwe na mifugo ya nani ichukuliwe. Eneo hili lote wazee wanaliita NFD mpaka leo, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini.

Isiolo ndiyo ilikuwa geti. Hapo palikaa makao ya utawala wa NFD. Hapo waliwekwa wanajeshi wastaafu Wasomali waliopigania Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Na hapo palikuwa na uwanja wa karantini, ambapo ng'ombe na mbuzi wa kaskazini walizuiliwa mpaka daktari wa mifugo aridhike kwamba hawataambukiza mifugo ya walowezi. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Isiolo anauona Mlima Kenya vizuri kabisa. Mlima uliolipa taifa jina lake uko mbele ya macho yake, na kuufikia ni hadi apewe karatasi.

Wengine walipita tu. Mwaka 1924 wanandoa Wamarekani, Martin na Osa Johnson, walipitia nchi hii kavu na msururu wa magari na mizigo, wakapanda hadi ziwa waliloliita Paradise ndani ya msitu wa Marsabit. Walikaa huko karibu miaka minne wakipiga picha wanyama, na mwaka 1928 filamu yao *Simba* ikaonyeshwa Marekani. Februari 1952 wakaja wanandoa maarufu zaidi: Elizabeth na mumewe Philip. Walipewa nyumba Sagana kama zawadi ya harusi kutoka koloni, wakalala usiku mmoja Treetops, hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri, na huko ndiko binti alikuwa wakati baba yake, Mfalme George wa Sita, alipofariki Sandringham, Uingereza. Stori ya binti mfalme aliyepanda mtini na kushuka malkia tumefundishwa wote shuleni. Nyeri si mbali na Isiolo. Lakini kwa mchungaji wa Kipsing mwaka ule, Nyeri na London zilikuwa sawa: zote mbili ofisa ndiye alikuwa na jibu.

Sasa, uhuru ungefaa kumaliza haya mambo. Ulikuja vibaya kwetu. Mwishoni mwa 1962 Waingereza walituma tume kuuliza watu wa NFD wanataka kuwa wapi. Wilaya zilikuwa sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Kwa jumla wengi walisema wanataka kujiunga na Somalia, ingawa wengine, hasa wasiokuwa Waislamu, walitaka kubaki. London haikufuata matokeo. Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo na mmoja wa Waafrika wa kwanza kushika cheo hicho, alipigwa risasi akauawa pamoja na kiongozi wa Waborana, Haji Galma Dido. Bendera ya Kenya ilipandishwa tarehe 12 Desemba. Tarehe 28 mwezi huohuo, siku kumi na sita baadaye, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari kaskazini.

Vita vya shifta vilidumu hadi 1967, Kenya na Somalia zilipokubaliana Arusha mbele ya Kenneth Kaunda. Katika miaka hiyo Waborana wa Isiolo walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, kama Garba Tulla na Merti. Mifugo iliuawa au kuchukuliwa, na iliyobaki ikafa njaa kwa sababu haikuruhusiwa kwenda malishoni. Waborana wanakiita kipindi hicho *gaafa daaba*, wakati wa kusimamishwa. Sijasikia jina linalofaa zaidi. Mfugaji anaishi kwa kutembea. Mzuie kutembea, hujahitaji kumfanya lolote lingine.

Babu na nyanya ni Wasamburu. Vita vile havikuwa vyao. Lakini njia zilikuwa zao, na njia zilifungwa kwa wote. Babu alisema askari kwenye kizuizi hakuwa na muda wa kuuliza wewe ni kabila gani na ulitaka kuwa nchi gani. Uliulizwa karatasi. Na vita vilipoisha, sheria haikuisha. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kaskazini, na ile hali ya hatari ikabaki vitabuni hadi 1991. Soma tena: 1991. Mtu aliyezaliwa siku ya uhuru alifikisha miaka ishirini na saba kabla sheria ya nchi yake kumhesabu sawa na mtu wa Thika.

Kulikuwa pia na uamuzi ambao haukubeba bunduki. Waraka wa serikali Namba 10 wa 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika, ulisema pesa za maendeleo ziwekwe kwanza mahali zitakapozaa haraka: penye mvua, ardhi nzuri, barabara na umeme tayari. Kwa hesabu za karatasi inaeleweka. Kwa macho ya Kipsing maana yake ni kwamba aliyenyimwa jana atanyimwa kesho kwa sababu alinyimwa jana. Kwa miongo kadhaa lami ilitoka Nairobi ikaishia Isiolo, pale pale palipokuwa na geti.

Halafu kuna suala la nyanya mwenyewe. Babu alikuwa na kitambulisho, kwa sababu mfumo wote wa vitambulisho ulianza na wanaume, tangu kile kipande cha kikoloni ambacho Mwafrika alikining'iniza shingoni kwenye kikopo cha chuma. Wanawake wa Kenya walianza kusajiliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya sheria kurekebishwa. Huko Kipsing hilo lilichukua muda wake. Nyanya alipata chake uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulipokuwa unakaribia, wakati ghafla kila mwanasiasa alitaka wanawake wa kaskazini wawe na karatasi. Kwa hivyo hata kama babu angekuwa na gari lake mwenyewe mwaka 1975, angesafiri na mke ambaye hakuna kizuizi kingemtambua. "Mimi nilikuwa tayari kila mwaka," nyanya aliniambia. "Ni serikali ilikuwa haijaniona."

Basi 1992 wakaenda. Babu aliuza beberu wawili. Wakapanda lori la mbuzi hadi Isiolo, wakalala kwa jamaa, asubuhi wakaingia matatu. Nyanya alivaa shanga zake zote, za kila siku na za sherehe, kwa sababu, alisema, huendi kwa watu ukiwa nusu. Nairobi walipokewa na mtoto wa ndugu ya babu aliyekuwa soja wa usiku kwenye geti la tajiri, kazi ambayo vijana wetu wengi wamefanya na wanafanya. Wakakaa siku nne katika chumba kimoja. Mwenyeji alilala mchana, wao wakatoka. Usiku akaenda kazini, wao wakalala.

Wengine wakienda Nairobi wanataka kuona majumba. Hawa walitaka kuona vitu viwili. Babu alitaka kupelekwa Mtaa wa Wabera. Alikuwa amesikia kwamba katikati ya jiji kuna barabara yenye jina la DC wa Isiolo, na alitaka kuhakikisha. Upo, pale mjini kabisa, na ukiishi Nairobi umeupita mara mia ukitafuta benki au chakula. Walisimama. Mwenyeji akamsomea kibao, kwani babu hakujua kusoma. Halafu babu akauliza wapita njia wawili Wabera alikuwa nani. Hakuna aliyejua.

Nyanya alitaka kuona soko ambalo mbuzi wetu wanauzwa. Maisha yake yote alilea mbuzi, wakanunuliwa na wachuuzi, wakapakiwa, wakaenda Kenya. Alipofika sokoni alitafuta alama za masikio, alama ambazo kila familia hukata ili kujua mifugo yake, na akaapa kwamba aliona za watu anaowajua. Akauliza bei. Alipotajiwa, alicheka, kisha akanyamaza. Ilikuwa mara kadhaa ya pesa ambazo mchuuzi alimlipa babu. "Mbuzi wangu wamekuja Kenya miaka yote," alimwambia babu. "Wao walipewa cheti mapema."

Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi na familia yetu huicheka kila mara. Lakini ndani yake kuna historia nzima ya NFD. Bidhaa ilipita. Mwenye bidhaa akabaki nyuma ya kizuizi, na kwa sababu hakuiona bei, hakuweza kuibishania. Umbali ule haukuwa wa kilomita. Uliwekwa na sheria, na kila mwaka kuna mtu aliyefaidika nao.

Mambo yamebadilika, sitakataa. Lami ilivuka Isiolo na sasa imefika Moyale. Isiolo ina uwanja wa ndege wenye jina la kimataifa uliofunguliwa 2017. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini amri ya kumaliza ule msasa wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walipitishwa kabla ya kupewa kitambulisho. Msasa huo una ndugu wa zamani: mwishoni mwa 1989 Wakenya Wasomali walikaguliwa upya na kupewa kadi ya pili kuthibitisha uraia waliokuwa nao tayari.

Na Kipsing imeingia kwenye ramani kwa njia ya ajabu. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012 na marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia, una mpango wa mji wa kitalii Isiolo. Mahali palipochaguliwa ni Kipsing Gap, magharibi mwa mji wa Isiolo, ekari 6,500 hivi. Hoteli na starehe nyingine kwa wageni. Yaani siku moja wanandoa wa mbali, waliodunduliza kwa miaka, wanaweza kuja fungate yao ya ndoto hapa kwetu. Sina shida na wageni. Watu wetu wanajua kupokea mgeni. Ninachouliza ni kile nyanya alichouliza sokoni: bei ni ngapi, na nani analipwa? Ardhi hiyo ni malisho. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa jamii haki ya kusajili ardhi yake na kukaa mezani inapozungumziwa. Anayesajili mapema ataongea kwenye mkutano. Anayechelewa ataletewa habari na lori.

Babu alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nyanya yupo, macho yamepungua lakini hesabu ziko sawa. Mwaka jana binamu yangu alitoka Kipsing alfajiri, akafika Nairobi mchana kwa ajili ya mahojiano ya kazi, kitambulisho mfukoni. Alipiga simu nyumbani. "Nyanya, nimefika Kenya."

"Vizuri, mjukuu wangu," nyanya akajibu. "Sasa kabla hujalala, uliza mbuzi ni pesa ngapi."