Maabara Isiyolala na Thamani ya Madini Yetu

Mjadala wa madini nchini mwetu huanzia shimoni na kuishia bandarini. Tunahesabu mrabaha, tunapima hisa za serikali, tunadai viwanda vya kuchakata; yote hayo ni madai ya haki. Lakini papo mahali pa tatu panapoamuliwa thamani ya jiwe, napo hatupataji. Mahali hapo ni maabara.

Tuanze Ludwigshafen, Ujerumani, mwaka 1909. Fritz Haber alikwisha kuonyesha kwamba naitrojeni ya hewani inaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia, malighafi ya mbolea na baruti. Kilichokwamisha kazi ni kichocheo: osmiamu ilifaa, lakini ilikuwa adimu mno. Kampuni ya BASF ikamkabidhi suala hilo Alwin Mittasch. Yeye akatumia mitambo midogo mingi ya kufanana, akawapanga wasaidizi wake, wakajaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine. Baada ya maelfu ya majaribio, jibu likapatikana katika chuma kilichotiwa viambato vichache vya bei nafuu. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913.

Gharama ya jibu hilo ililipwa Chile. Nchi ile iliiuzia dunia naitreti kutoka jangwa la Atacama, na ushuru wake ulikuwa nguzo ya hazina ya serikali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, amonia ya viwandani ilienea na soko hilo likaporomoka. Humberstone, mji wa wachimbaji, leo ni mahame, nao uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Nasi tulionja shubiri hiyo. Mwaka 1964 mashamba yetu yalitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyotushinda. Kisha zikaja kamba za plastiki. Wapo wanaoutaja utaifishaji wa mwaka 1967 kuwa ndio ulioua zao hilo. Hoja yao ina uzito wake, ila bei ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya hapo.

Kazi ya Mittasch sasa inafanywa na mashine. Mwaka 2009, Ross King na wenzake huko Aberystwyth, Wales, walitangaza roboti waliyoiita Adam, iliyobuni dhana kuhusu jeni za hamira, ikazijaribu na kuyapima matokeo yenyewe. Mwaka 2020, roboti ya Liverpool ilifanya majaribio 688 kwa siku 8 ikitafuta kichocheo cha kutoa haidrojeni katika maji kwa nguvu ya mwanga. Ikapata mchanganyiko wenye nguvu mara sita kuliko ule wa mwanzo. Mwaka 2023, maabara ya Berkeley, California, iitwayo A-Lab, ilidai kuunda vitu 41 kati ya 58 ilivyokusudia, kwa siku 17.

Dai hilo la mwisho halikupita hivi hivi. Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton, pamoja na wenzao, waliyapitia upya matokeo ya eksirei, wakahoji kwamba hakuna kitu kipya kilichothibitishwa. Mashine ilichanganya na kuchoma unga usiku na mchana, lakini kusoma kilichotoka kulihitaji jicho la mkemia aliyefundishwa vyema. Kwangu mimi hilo ni somo la kisiasa. Roboti ni ghali. Jicho la mkemia linaweza kupatikana katika chuo chochote chenye nia.

Na tunalihitaji. Gerbrand Ceder, mmoja wa viongozi wa A-Lab, ametafiti kwa miaka betri zinazotumia manganizi na titani badala ya kobalti na nikeli. Sina ugomvi na lengo hilo. Anayejua hali ya machimbo ya Kolwezi ataelewa kwa nini ulimwengu unataka kuikimbia kobalti. Lakini sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, nasi tunaitazamia nikeli ya Kabanga na madini ya kinywe ya Mahenge. Tunafunga mikataba ya miongo mizima, wakati yule anayetafuta mbadala anaweza kupiga hatua ya mwaka mzima kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaokaa katika meza za majadiliano: pamoja na kuuliza tani ngapi zipo ardhini, ulizeni ni mbadala gani unaojaribiwa, wapi, na umefikia wapi. Sehemu ya mrabaha itengwe kwa maabara za kemia za vyuo vya umma, ili pawe na wataalamu wa kuyasoma matokeo hayo kwa niaba yetu. Na wanaharakati wanaodai uwazi wa mikataba waongeze dai hili katika orodha yao. Madini yanaweza kubaki ardhini yakiwa salama kabisa, na thamani yake ikawa imekwisha kuondoka.